Masenta Watatu wa Houston Rockets: Tathmini Kabla ya Msimu wa 2025–26

Karibu kila mpenzi wa kikapu anayeitaja Houston Rockets kabla ya msimu huu anamzungumzia Kevin Durant, aliyehamia huko Julai 2025 katika mabadilishano yaliyohusisha timu saba. Mimi naona habari kubwa ya timu hiyo iko chini ya ringi. Rockets wanaingia msimu wa 2025–26 wakiwa na masenta watatu wa kweli, yaani watu warefu wanaocheza karibu na ringi: Alperen Şengün wa Uturuki, Steven Adams wa New Zealand na Clint Capela wa Uswisi, na kila mmoja wao angepata nafasi ya kuanza katika timu kadhaa za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Katika miaka ambayo timu nyingi zimepunguza watu warefu ili kuongeza watupaji wa pointi tatu, Rockets wamekwenda upande wa pili kwa makusudi. Tathmini hii inaeleza kwa nini nauona uamuzi huo kuwa mzuri na unapungukiwa wapi, na pia kwa nini sisi tunaofundisha vijana katika viwanja vya saruji vya Dodoma tuna mengi ya kujifunza kwa watu hawa watatu kuliko kwa Durant mwenyewe.

Msimu uliopita wa 2024–25 Rockets walishinda mechi 52 na kupoteza 30, wakamaliza wa pili katika Ukanda wa Magharibi, kisha wakatolewa na Golden State Warriors katika raundi ya kwanza ya mtoano kwa mechi nne dhidi ya tatu. Walifika huko bila mfungaji mmoja mkubwa na bila utupaji wa kuogofya kutoka mbali. Kilichowabeba ni ulinzi mkali wa kocha Ime Udoka pamoja na ribaundi za kushambulia, yaani kudaka mpira uliokosa wa timu yako mwenyewe, ambazo waliongoza ligi nzima kwa kudaka zaidi ya 14 kwa kila mechi. Asiyefuatilia kwa karibu anaweza kuiona ribaundi ya kushambulia kuwa bahati tu, lakini kwa hakika ni shambulizi jipya linaloanza wakati ulinzi haujajipanga: mpira umerudi mikononi mwa mshambuliaji karibu kabisa na ringi, saa ya shambulizi, inayohesabu muda wa kutupa, imerudishwa kwenye sekunde 14, na mlinzi mmoja au wawili wameshageuza miguu kukimbilia upande wa pili. Timu isiyotupa vizuri inasamehewa kila mara inapoudaka tena mpira wake uliokosa, na Rockets waliishi kwa namna hiyo kuanzia Oktoba hadi Mei.

Anayecheza hapa kwetu anaielewa hoja hii upesi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma huvuma kiasi kwamba mtupo wa mbali katika uwanja wa wazi, iwe ni Chinangali au uwanja wa shule, unaweza kutoka mkononi ukiwa sahihi na kufika kwenye ringi ukiwa umeshasogea upana wa kiganja. Katika miezi hiyo timu inayoshinda mara nyingi ni ile yenye mtu anayejua mpira uliokosa utaangukia wapi, na anayekuwa amefika pale kabla haujaanguka. Kwa hiyo ninapowapima masenta wa Rockets ninaanza na swali hilo, ndipo nafika kwenye pointi.

Nianze na Şengün, kwa kuwa shambulizi lote linamzunguka. Alizaliwa mwaka 2002 katika mji wa Giresun kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, akawa mchezaji bora wa ligi kuu ya Uturuki mwaka 2021 akiwa na Beşiktaş kabla hajatimiza miaka 19, na mwaka huohuo akachaguliwa wa 16 katika drafti ya NBA, uchaguzi wa kila mwaka ambao timu hugawana wachezaji wapya. Waliomwacha apite walikuwa na hoja ambazo hata kwetu husikika kila anapotafutwa senta: haruki sana, hana kasi, na urefu wake wa mita 2.11 ni wa kawaida kwa nafasi hiyo katika ligi ile. Msimu uliopita alikuwa na wastani wa pointi 19.1, ribaundi 10.3 na asisti 4.9, akaitwa kwa mara ya kwanza kwenye mchezo wa nyota wa ligi, na katika zile mechi saba dhidi ya Warriors wastani wake ulipanda hadi karibu pointi 21 na ribaundi karibu 12. Mchezaji ambaye takwimu zake hupanda mtoano unapoanza, wakati walinzi wanakuwa wamemsoma usiku na mchana, ana kitu ambacho hakitegemei kushtukiza.

Kitu hicho ni miguu yake. Mtazame anapopokea mpira upande wa kushoto wa boksi, eneo lililochorwa chini ya ringi, akiwa ameipa ringi mgongo. Kwanza anamgusa mlinzi kwa bega ili ajue uzito wake umeelemea wapi. Kisha anadunda mpira mara moja kuelekea katikati, anauinua kwa mkono wa kulia kana kwamba yuko tayari kutupa, na mlinzi anaponyanyuka, Şengün mwenyewe bado yuko chini: mguu wa egemeo, ule usioruhusiwa kuondoka chini akiwa ameshika mpira, umebaki palepale, na mguu wa pili umeshapita chini ya kwapa la yule aliyeruka. Mtupo unaofuata ni wa umbali usiofika mita moja. Katika mwendo wote huo hakuna kuruka kwa ajabu. Kuna subira, na kuna egemeo ambalo haliinuki kabla ya wakati wake. Vijana wetu warefu hupigiwa filimbi ya kutembea katika mashindano ya shule kwa kosa hilohilo la kunyanyua egemeo mapema, na si kwa sababu ni wazito, bali kwa sababu tangu siku ya kwanza waliambiwa wasimame chini ya ringi na kuinua mikono, hawakuambiwa lolote kuhusu miguu.

Houston ni mahali panapofaa kwa senta wa aina hii, maana ni timu ambayo historia yake imeandikwa na watu wa nafasi hiyo: Moses Malone, Ralph Sampson, Yao Ming, na Dikembe Mutombo wa Kinshasa aliyemalizia uchezaji wake huko mwaka 2009. Mkubwa kuliko wote ni Hakeem Olajuwon wa Lagos, aliyewapa ubingwa mwaka 1994 na 1995. Olajuwon alianza na mpira wa mikono na soka kabla ya kugusa kikapu, na wengi wanaamini kwamba wepesi wa miguu yake ulitoka huko. Ninawaambia makocha wenzangu wa Dodoma jambo hili kila nipatapo nafasi, kwa sababu tuna tabia ya kumwona kijana mrefu anacheza soka au mpira wa mikono tukadhani anapoteza muda wake, ilhali huko ndiko miguu inakofundishwa kugeuka bila kufikiri.

Jukumu la Şengün msimu huu litakuwa kubwa zaidi ya la msimu uliopita, na si kwa hiari ya timu. Fred VanVleet, mwongoza mashambulizi wao, aliumia kano ya goti mwezi Septemba 2025 kabla hata kambi ya mazoezi haijafunguliwa, na alitarajiwa kukosa msimu mzima au karibu wote. Amen Thompson atashika sehemu ya kazi ile na Reed Sheppard sehemu nyingine, lakini Thompson si mtupaji wa mbali na Sheppard bado ni kijana. Mtu pekee katika kikosi ambaye ameshazoea kusimama kwenye kiwiko cha boksi, yaani kona yake ya juu kwenye mstari wa mitupo huru, akashika mpira kwa sekunde tatu au nne huku wenzake wakikatiza pembeni yake, kisha akautoa kwa wakati, ni Şengün. Mashindano ya Ulaya ya mwaka 2025 yalionyesha kwamba anauweza mzigo huo: aliiongoza Uturuki hadi fainali, wakafungwa na Ujerumani 88 kwa 83 katika mechi ambayo yeye alifunga pointi 28. Katika timu ile mpira ulipita mikononi mwake karibu kila shambulizi, na mpango huo ndio ningeuhamishia Houston bila kuubadilisha sana, hasa kwa kuwa sasa pembeni yake kuna Durant, ambaye mlinzi wake hathubutu kumwacha hata hatua moja kwenda kusaidia.

Dosari zake zinajulikana na hazifai kufunikwa. Msimu uliopita aliingiza kidogo chini ya nusu ya mitupo yake yote, kiwango cha chini kwa senta anayetupa zaidi karibu na ringi, na sababu ni kwamba hujipa mitupo migumu pale ambapo hatua moja zaidi ingempa rahisi. Pointi tatu zake ziliingia kwa asilimia 23 tu, kwa hiyo mlinzi wake anaweza kurudi nyuma na kuziba njia za wengine. Mitupo huru, ile inayotolewa baada ya faulo, aliingiza asilimia 69. Na katika mechi ya nne dhidi ya Warriors, ambayo alifunga pointi 31, mtupo wake wa sekunde za mwisho mbele ya mlinzi wao Draymond Green haukuingia, Rockets wakafungwa 109 kwa 106. Simlaumu kwa kuutupa, maana ndiye aliyestahili kuutupa; ninachosema ni kwamba timu inayotaka kufika fainali haiwezi kumtegemea senta wa asilimia 49 kumaliza mechi, na ujio wa Durant unampunguzia kazi hiyo kwa namna itakayomsaidia.

Sasa Steven Adams, mchezaji ambaye takwimu zake zinadanganya kuliko za mtu yeyote katika timu hii. Pointi 3.9 na ribaundi 5.6 kwa mechi, katika dakika zisizofika 14: anayesoma karatasi ya matokeo asubuhi atampita bila kusimama. Lakini takriban nusu ya ribaundi hizo ni za kushambulia, na hakuna mchezaji wa dakika kama zake aliyemzidi msimu uliopita katika kudaka mipira iliyokosa ya timu yake. Adams haruki. Mpira unapokuwa bado hewani yeye hautazami. Anatafuta nyonga ya mpinzani, anaweka yake chini kidogo ya ile, na kumsukuma taratibu kuelekea chini kabisa ya ringi, mahali ambapo mpira uliogonga chuma hauangukii. Akishamfikisha huko, mpira unarukia mikononi mwake au mwa mwenzake, na mara nyingi haushiki kabisa bali anaupiga kwa vidole urudi nje kwa mtupaji. Msimu wa 2016–17, mwenzake Russell Westbrook alipopata wastani wa ribaundi 10.7 kule Oklahoma City, sehemu kubwa ya mipira ile ilifika mikononi mwake kwa sababu Adams alikuwa ameshamfungia mpinzani nje. Kocha anayetaka kumfundisha binti au kijana wake kazi ya ribaundi ampe simu, amwekee mechi ya Adams, na amwambie asiutazame mpira hata mara moja. Atazame nyonga tu.

Tahadhari kuhusu Adams ni mwili wake. Amefikisha miaka 32, alikosa msimu mzima wa 2023–24 kwa jeraha la goti, na msimu uliopita timu ilimtunza kwa kumpumzisha, akacheza mechi 58. Rockets wamempa mkataba mpya wa miaka mitatu wa dola milioni 39, na nadhani ni bei ya haki kwa sharti kwamba Udoka haongezi dakika zake kabla ya Machi.

Jambo ambalo limenifanya niwaweke masenta hawa juu katika hesabu zangu ni uwezo wa Şengün na Adams kucheza pamoja. Udoka alianza kuwaweka uwanjani kwa wakati mmoja msimu ulipokuwa unaendelea, mara nyingi katika ulinzi wa zoni, unaolinda eneo badala ya mtu, ambapo wote wawili husimama nyuma karibu na ringi na watatu wepesi hukimbia mbele. Kwa kawaida masenta wawili huziba nafasi ya kushambulia, kwa kuwa walinzi wao hujazana kwenye boksi. Hapa haikuwa hivyo, kwa sababu Şengün anafanya kazi yake akiwa kwenye kiwiko na Adams hahitaji mpira. Kila mtupo uliokosa ukawa na watu wawili wakubwa wa kuufuata. Katika mechi ya sita dhidi ya Warriors, ugenini, Adams alitokea benchi akafunga pointi 17, na Rockets wakashinda 115 kwa 107. Warriors, timu iliyozoea kuwakimbiza watu warefu hadi wakae benchi, usiku ule hawakupata njia.

Durant si mgeni wa mpango huu. Mwaka 2016, akiwa Oklahoma City, timu yake iliwaweka Adams na Enes Kanter pamoja, ikaitoa San Antonio kwa mechi nne dhidi ya mbili, kisha ikawaongoza Warriors mechi tatu kwa moja kabla ya kupoteza tatu zilizofuata. Wanaosema Durant atataka uwanja mpana na kwamba Adams ataishia benchi wanasahau kwamba moja ya mitoano mikali aliyowahi kucheza aliicheza akiwa na masenta wawili kando yake, na mmoja wao ni huyuhuyu Adams. Kwa maoni yangu Udoka aanze mechi za mwanzo na Thompson, Durant, Jabari Smith, Şengün na Adams, walao dhidi ya timu zenye masenta wakubwa, na asione haya kuonekana wa zamani.

Tatizo ambalo halijatatuliwa ni mitupo huru. Adams aliingiza chini ya nusu msimu uliopita, na katika ileile mechi ya sita Warriors waliamua kumfanyia faulo kwa makusudi. Akatupa 16, akaingiza 9. Hesabu ya mpinzani ni nyepesi: mtupaji wa chini ya asilimia 50 huleta chini ya pointi moja kwa mitupo miwili, wakati shambulizi la kawaida la timu nzuri huleta zaidi ya pointi moja, kwa hiyo faulo inakuwa ulinzi wa bei rahisi. Kanuni za NBA huizuia mbinu hiyo katika dakika mbili za mwisho za kila robo, ambapo faulo ya mbali na mpira huipa timu iliyofanyiwa mtupo huru mmoja, unaotupwa na mchezaji wake yeyote aliyeko uwanjani, na mpira unabaki kwao. Dakika kumi zilizotangulia hazina kinga hiyo. Capela naye si bora sana kwenye mstari ule, na Şengün ni wa wastani, hivyo Rockets wana masenta watatu na hakuna hata mmoja unayeweza kumtegemea kwa mitupo huru mechi inapobana. Kwangu hii ndiyo dosari kubwa ya kundi zima, na sijaona hatua yoyote ya usajili iliyoigusa.

Clint Capela nitampitia kwa haraka, kwa kuwa kazi yake iko wazi. Alizaliwa Geneva, baba yake akiwa wa Angola na mama yake wa Kongo, akachaguliwa na Rockets mwaka 2014, akawa nao hadi Februari 2020 alipopelekwa Atlanta, na msimu wa 2020–21 akaongoza ligi nzima kwa ribaundi 14.3 kwa mechi. Amerudi Houston kwa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 21.5. Si yule wa msimu wa 2017–18, aliyekimbia uwanja mzima kupokea pasi za juu za James Harden na kuingiza asilimia 65 ya mitupo yake, kiwango cha juu kuliko wote msimu ule. Lakini kwa senta wa tatu, anayehitajika siku Adams anapopumzishwa au Şengün anapopata faulo mbili mapema, sioni timu nyingine yenye mtu wa kiwango chake. Timu nyingi hujaza nafasi hiyo na kijana asiye na uzoefu au mzee anayemalizia, kisha Januari, majeraha yanapokuja, hupoteza mechi ambazo mwezi Aprili zinawagharimu uwanja wa nyumbani.

Siwezi kuandika juu ya masenta wa Houston kutoka Tanzania bila kumtaja Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, aliyechaguliwa wa pili katika drafti ya 2009 baada ya Blake Griffin na kabla ya James Harden na Stephen Curry. Alipita Memphis, akapita Houston, na msimu wa 2013–14 alikuwa Oklahoma City pamoja na Durant na Adams, aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza. Urefu wake wa mita 2.21 unamzidi kila senta ninayemtathmini hapa. Kufika kule alikofika ni heshima ambayo hakuna Mtanzania mwingine aliyeifikia. Lakini ukiiweka safari yake kando ya ya Şengün unaona tofauti ambayo haihusu juhudi wala kipaji, inahusu umri wa kuanza: Thabeet aligusa kikapu akiwa kijana mkubwa tayari, Şengün alikuwa analipwa kucheza ligi ya watu wazima katika umri ambao wengi wetu wako kidato cha nne. Egemeo linalokaa chini bila kufikiriwa hujengwa utotoni. Dodoma sasa ina shule nyingi, vyuo vikubwa na familia za watumishi wanaohamia kila mwaka kutoka mikoa yote, na warefu wapo. Wanachokosa ni mtu wa kuwafundisha miguu wakiwa na miaka kumi au kumi na mmoja.

Kwa anayetaka kutumia mechi hizi kufundishia, kuna tofauti za kanuni asizipuuze, maana zinagusa nafasi ya senta moja kwa moja. Katika NBA mlinzi hawezi kukaa ndani ya boksi zaidi ya sekunde tatu bila kuwa anamlinda mtu kwa karibu, kwa hiyo utawaona Adams na Capela wakitoa mguu nje na kuurudisha. Katika kanuni za kimataifa tunazochezea sisi, mlinzi anaruhusiwa kukaa. Kwetu pia mpira ukishagusa ringi mchezaji anaweza kuupiga hata kama bado uko juu yake, jambo ambalo kule ni kosa. Na senta wa NBA hutolewa kwa faulo sita, wa kwetu kwa tano, katika robo za dakika 10 badala ya 12. Kijana anayeiga ulinzi wa Adams bila kuzijua tofauti hizi atajinyima nafasi ambazo kanuni zinampa.

Mbali na watatu hawa, Jabari Smith anaweza kusogezwa kuwa senta kwa dakika chache pale mpinzani anapocheza na watu wafupi, na Durant pia amewahi kufanya hivyo. Ni akiba nzuri, si mpango wa kudumu.

Ukiwalinganisha na wapinzani wa Magharibi, Denver wana Nikola Jokić, na hakuna senta mwingine duniani anayemfikia. Mwaka 2025 wamemwongezea Jonas Valančiūnas nyuma yake. San Antonio wana Victor Wembanyama, Minnesota wana Rudy Gobert. Mabingwa wa 2025, Oklahoma City, wana Chet Holmgren na Isaiah Hartenstein, jozi pekee ninayoiona ikisimama sawa na ya Houston, kwa kuwa Holmgren anatupa kutoka mbali na Hartenstein anatoa pasi. Kwa ubora wa mtu mmoja Rockets ni wa pili au wa tatu. Kwa wingi wa watu wanaoaminika katika nafasi moja, nawaweka wa kwanza, na msimu wa mechi 82 huwalipa zaidi wenye wingi huo. Gharama nayo ni ya busara: mkataba wa Şengün wa miaka mitano wa dola milioni 185, unaoanza msimu huu, uko chini ya bei ya juu kabisa ambayo angeweza kudai, na punguzo hilo ndilo lililoacha nafasi ya kuwalipa hao wengine wawili.

Mechi ya kwanza ni dhidi ya hao mabingwa, huko Oklahoma City, Oktoba 21, 2025 kwa saa zao, ambayo kwetu ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Oktoba 22. Mechi za nyumbani za Houston zinazoanza saa moja jioni kwao huanguka saa tisa usiku hapa, na kuanzia Novemba, Marekani wanaporudisha saa nyuma, zitakuwa saa kumi alfajiri, muda ambao mtumishi anayewahi kuamka anaweza kutazama nusu ya kwanza kabla ya kujiandaa kwenda kazini. Katika mechi hiyo ya kwanza nitaangalia mambo mawili kabla ya kuangalia pointi za Durant: nani anashika mpira kwenye kiwiko shambulizi linapokwama, na Holmgren anasukumwa umbali gani chini ya ringi kila Adams anapokuwa uwanjani.